Nilimwita kaka yangu Neandertal, halafu nikamhitaji awe walii wangu

Wakuu, salaam kutoka Bujumbura.

Kisa hiki nimekaa nacho tangu harusi yangu na sijatia chumvi hata punje. Atakayeona ni chai apite tu, wengine vuteni kiti. Mods, msinihamishie uzi jukwaa la sayansi. Sayansi imo humu, ila imeletwa na kaka yangu.

Baba alifariki nikiwa mdogo. Aliyenilea ni kaka Ramadhani, fundi magari.

Siku moja jeki iliteleza, gari likamwangukia mkono wa kulia. Ulipona kwa nje tu, vidole havishiki kitu mpaka leo. Akajifunza kushika spana kwa kushoto, akaendelea kunisomesha. Mgongo ulipinda mapema kwa kuinama kwenye injini za watu, na usoni, Mungu anisamehe, ana nyusi nzito na taya kubwa.

Nilipokuwa nasoma lise, yaani sekondari, kule Rohero, siku za mitihani alikuwa ananiletea chakula getini. Ugali na ndagala, vile vidagaa vya ziwani kwetu, bakuli limefungwa kwa kitambaa safi kuliko ovaroli lake.

Siku hiyo rafiki zangu wakamwona. Mmoja akauliza, "Nani huyo Neandertal?" Tulikuwa tumetoka kulisoma darasani, jina la watu wa kale wa mapangoni waliotoweka, kwa hiyo lilikuwa tusi jipya na kila mtu analitaka.

Wakuu, nikacheka. Nikasema, "Ni mutu wa garaji tu. Neandertal yetu."

Alikuwa hatua chache tu, akasikia. Akaacha bakuli kwa mlinzi, akageuka.

Chakula kiliendelea kuja kila siku ya mtihani, lakini kupitia mlinzi. Yeye mwenyewe hakukanyaga tena pale getini. Wala hatukuwahi kulizungumza.

Miaka ikaenda. Sasa nafanya kazi kwenye ofisi ya kuchapa na kutoa fotokopi, na nikapata mchumba, Saidi, muuza vipuri vya pikipiki hapa Mutakura. Kwetu Waislamu, kama baba hayupo na babu hayupo, kaka ndiye walii, ndiye anayekuozesha. Nikampigia simu kaka huko Gasenyi anakoishi.

"Apana, mudogo yangu," akasema. "Mi nitaweka wakili. Batu batakuwa bengi pale, sitaki upate haya."

Dini inaruhusu, walii anaweza kuweka wakili. Lakini nilijua anachokikimbia ni geti lile lile.

Sasa sikieni Mungu anavyopanga mambo yake.

Wiki hiyo hiyo mwanafunzi mmoja Mkongomani akaniletea kazi yake ya shule nimchapie. Mada: Neandertal. Nusura nimrudishie makaratasi yake.

Nikachapa. Kumbe jina lenyewe ni la bonde moja Ujerumani, ambako wachimba mawe walikuta mifupa. Na bonde lilipewa jina la mchungaji mmoja aliyetunga nyimbo za kanisa. Yaani tusi letu lote lilitoka kwa mtu aliyekuwa anamwimbia Mungu.

Nikaendelea. Ile picha ya mtu aliyepinda kama nyani ilitokana sana na mifupa ya mzee mmoja mgonjwa wa viungo. Walimwona mgonjwa mmoja wakadhani kabila zima liko hivyo.

Halafu nikafika kwa mzee mwingine, wa pangoni huko Iraki. Mkono wa kulia ulikuwa umelemaa, jicho moja pengine halikuona, na bado aliishi miaka mingi baada ya kuumia. Wataalamu wanasema hakuna namna, lazima wenzake walimtunza.

Hapo niliacha kuchapa. Nililia pale pale, mteja kasimama na fotokopi zake.

Wale wanaoitwa washenzi walimbeba kilema wao. Mimi kilema wangu ndiye aliyenibeba, nikamcheka mbele ya watu.

Nikatoa nakala, nikaenda Gasenyi. Nikamkuta anasafisha plagi. Nikamsomea yote, kisha nikasema, "Kaka, siku ile getini nilikukana. Unisamehe."

Akafuta plagi ile ile mara tatu. Akauliza, "Huyo muzee wa mukono moja, nani alikuwa anamupatia chakula?"

"Wenzake."

"Balikuwa batu bazuri." Akaweka plagi chini. "Mi nilikusamehe zamani. Ila walii anashika bwana harusi mukono wa kuume, mbele ya batu bote. Mi nitamupa nini?"

Nilirudi Mutakura bila kujua kama atakuja. Nikamweleza Saidi, akasema tu, "Nimesikia."

Siku ya nikaha nimekaa ndani na wanawake, hina imekauka, shehe keshafika. Kabla ya yote walii huingia kumwomba bibi harusi idhini. Sikujua ataingia nani.

Hodi ikapigwa.

"Bibi harusi, Neandertal yako imefika. Unaniruhusu nikuozeshe?"

Alikuwa kaka, amevaa kanzu, na nadhani aliipiga pasi mwenyewe maana mkono mmoja wa kanzu ulikuwa na mikunjo. Nikasema ndiyo huku nalia na kucheka, wanja wote ukaharibika, na mashangazi hawakuelewa kitu.

Nikachungulia kwenye pazia. Saidi hakusubiri apewe mkono. Aliuchukua mwenyewe ule mkono wa kulia kutoka pajani mwa kaka, akavikunja vidole vya kaka kimoja kimoja juu ya vyake mwenyewe, akavishikilia kwa mkono wa pili. Shehe alingoja. Kaka akatamka maneno ya kuniozesha, sauti inakatika.

Nilichojifunza, wakuu: ukitaka kumpa mtu jina la kumcheka, kwanza ulizia nani alikulisha.

Makaratasi yale yanasema damu ya Neandertal bado imo ndani ya watu, wengine zaidi, sisi Waafrika kidogo. Sijui yangu ni kiasi gani. Kama na huruma yao inarithiwa, basi kwetu kaka alichukua yote, akaniachia mimi jina.

Kama nawe una wako uliyemkana, mtaje hapa chini, hata bila jina. Nitasoma zote, ila baadaye kidogo. Kaka kaleta ndagala, na leo kagonga mlango mwenyewe.