Siku Nilipoilaumu Fimbo ya Gofu ya Baba Mkwe

Nakumbuka siku moja, Mwanangu, nilipomdanganya mzee ambaye nilitaka anioze binti yake.

Nilikuwa karani kijana hapa Kakamega mjini. Ayuma alikuwa amenikubali. Kilichobaki ni baba yake, Mzee Lukhale wa Shinyalu, aliyefundisha uchomeleaji katika chuo cha ufundi cha Sigalagala hadi alipostaafu, akabaki na shamba lake la majani chai na mchezo wa gofu. Ili anipende, nikamwambia kwamba mimi pia ni mchezaji. Kusema kweli, nilikuwa nimeshika fimbo ya gofu mara tatu tu. Akanialika tucheze Jumamosi.

Mpira wa kwanza niliutega juu ya kijiti, nikasimama ukiwa karibu na mguu wangu wa kulia, nikaikamata ile fimbo ndefu kama jembe. Nikapiga kwa nguvu zote. Mpira ukatambaa hatua kumi hivi. Wa pili ukapinda kulia, ukaingia kichakani. Mzee hakucheka. Hapo nikakosea zaidi: nikasema fimbo aliyoniazima imepinda.

Akaichukua, akaikagua kwa jicho la fundi, akapiga. Mpira ukanyooka, ukatua mbali sana.

"Fimbo iko sawa," akasema taratibu. "Ulisema unachezanga. Unachezanga wapi?"

Masikio yaliniwaka. Ningeweza kuongeza uongo mwingine, lakini nilikuwa nimechoka. Nikamweleza ukweli wote, nikijua nimeshampoteza Ayuma.

Mzee alicheka mpaka akavua miwani na kufuta machozi. Kisha akanipanga upya. Kwa fimbo ndefu, aliusogeza mpira mbele, mkabala na kisigino changu cha kushoto, ili fimbo iukute inapoanza kupanda. Kwa fimbo fupi aliuweka katikati ya miguu, mikono ikitangulia kidogo kuelekea shimo, ili nipige mpira kabla ya nyasi. Mkono wa kushoto juu, wa kulia chini yake. Kila nilipokaza vidole aliniambia nilegeze, fimbo haitoroki.

Siku nzima nilipiga mpira mmoja tu mzuri. Ulipaa, ukaanguka kwa upole hatua mbili kutoka shimo la mwisho. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, ukimwacha Ayuma mwenyewe, ambaye najua atayasoma haya.

Mzee akaenda kuuokota.

"Mwezi ujao walete wazee wako nyumbani," akasema. "Ila mchezo wako bado ni mbaya."

Basi, Mwanangu, jambo likikushinda, kabla hujalaumu kifaa tazama kwanza umesimama wapi na mikono yako umeiweka vipi. Mara nyingi kosa ni la inchi chache tu, wala halihitaji nguvu zaidi. Na kama hujui, sema hujui, hata mbele ya mtu unayemwogopa. Mzee yule hangeweza kunisahihisha nikiendelea kujifanya bingwa.

Mungu akupe walimu wenye subira, akulegeze mikono na moyo, na akujalie nyumba yenye kicheko kama alivyonijalia mimi.