Niliuza Tumbo la Tantine

Kosa ni langu, nalisema kabla hamjaniuliza. Nilimsaliti mwanamke aliyenilea!

Baada ya vita nilirudi Kamembe, upande wa Rwanda, kutoka Bukavu ng'ambo ya mpaka, na Tantine, dada wa marehemu baba. Alikuwa akivusha vitenge mpakani amevifunga tumboni, anahema kama mja mzito. Askari wa forodha walimpa hadi kiti! Mimba ile ilidumu miaka. Jioni alinisimulia yote, tukicheka mpaka machozi.

Mimi nilitaka kuandikia televisheni vichekesho. Kigali sikumjua mtu, wala sikuwa na wa kunisemea. Basi mchekeshaji mmoja wa televisheni alipokuja Kamembe, nilimvizia hotelini nikampa maandishi yangu. Hakucheka hata kidogo. "Niletee kitu cha kweli," akasema. Nami, mpumbavu mimi, nikamsimulia tumbo la Tantine!

Nilimsihi ageuze hadithi: mvusha vitenge awe mwanamume, na iwe mbali na huku. Akaapa kwa jina la mama yake. Mwongo mkubwa!

Siku kichekesho chake kiliporushwa tulijaa sebuleni kwa jirani. Tantine alicheka kuliko wote. Mara yule mchekeshaji akatokea na kitenge na tumbo kubwa, darajani Rusizi, pale pale mpakani, akamwambia askari: "Afande, huyu mutoto anapenda kutembea Bukavu!"

Yalikuwa maneno ya Tantine mwenyewe, hata kule kuhema kwake. Tantine akageuka akanitazama. Wengine waliendelea kucheka. Jina langu halikutajwa popote, na aibu iliyoje, nilishukuru Mungu!

Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Ni weye njo uliuzisha tumbo yangu?"

Alipovuka tena, askari walicheka, wakamfungua vitenge kimoja kimoja mbele ya foleni nzima. Biashara ikafa pale pale. Siku hizi anauza mihogo sokoni, naye hakuwahi kupenda kukaa mahali pamoja.

Yule mchekeshaji alinisaliti, ndiyo, na bado namchukia. Lakini mlango nilimfungulia mimi! Ninyi mnaotaka kuandika vichekesho, jamani, msitoe siri ya nyumbani bila kumwomba mwenyewe. Msidanganywe na kiapo cha mtu mnayemtaka sana.

Tantine bado ananipikia. Ila nikiingia akiwa na wageni, anakatiza hadithi katikati na kumgusa mwenzake mkono.

"Chunga, Maman," anasema. "Televizyo imeingia."