Baiskeli Nyekundu na Pete Iliyobaki Korogwe

Karibu ukae, ndugu msikilizaji, na kabla sijaanza habari yenyewe nataka usikie sauti moja. Ni sauti ndogo, kama kokwa ya ukwaju ikiangukia kwenye sufuria tupu: tik. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoisikia mara ya kwanza, uani kwetu Kwaluguru, ikitoka kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli ambayo baba alikuwa amemtengenezea dada yangu Zaina. Leo nina karakana yangu mwenyewe pale Korogwe, na kelele za vyuma nimezizoea, lakini chuma kikilia hivyo mkono wangu bado husita.

Mwaka ule Zaina alikuwa amefaulu kwenda sekondari, na shule ilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu. Wasichana wawili waliomtangulia kutoka kijijini walikuwa wameacha masomo katikati ya mwaka, mmoja kwa kuchoka, mwingine kwa yaliyompata njiani. Mama alilisema jambo hilo mara moja tu, huku akipepeta mahindi: bila chombo cha kumfikisha na kumrudisha mapema, Zaina haendi. Basi likizo ile nyumba yetu haikuwa na mazungumzo mengine ila baiskeli, na baba akanichukua tukaenda sokoni Korogwe kwa Mzee Masunga.

Mzee Masunga alikuwa fundi baiskeli, mjukuu wa Wanyamwezi waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Sisi ni Wazigua, na kama hujui, Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana na usinune, anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako na usiite wizi, na hata msibani yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha waliofiwa. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akanijibu, "Marahaba mjukuu wangu. Pole kwa kuzaliwa na Mzigua." Baba akamwambia afadhali Mzigua kuliko mtu ambaye babu yake alikuja kukata mkonge akasahau njia ya kurudi kwao. Walikwenda hivyo kwa muda mrefu, kama ilivyo desturi, kabla ya kufika kwenye baiskeli.

Ukutani ilining'inia fremu ya baiskeli ya mbio, nyembamba na nyepesi, iliyotoka Ulaya miaka mingi nyuma. Gia zake zilikuwa zimekwisha na breki hazikuwepo. Mzee Masunga alieleza polepole, na mimi nakueleza kama alivyonieleza. Baiskeli ya kawaida ina friwili, kile kifaa cha nyuma kinacholia trrr unapoacha kukanyaga, gurudumu likaendelea kuzunguka na miguu ikapumzika. Ukiitoa friwili, ukafunga sproketi moja, yaani duara la meno, moja kwa moja kwenye kitovu cha gurudumu, basi pedali na gurudumu vinakuwa kitu kimoja. Likizunguka, miguu inazunguka. Ukitaka kupunguza mwendo, unazikaza pedali kwa miguu, na baiskeli inakutii. Baba alipenda hasa maneno kwamba haina vitu vingi vya kuharibika. Mzee Masunga akampa na sproketi, kisha akainama kutafuta kitu kwenye kopo kuukuu la maziwa alimoweka nati.

Hapo ndipo baba alipofanya kile ambacho watani hufanya. Alinikonyeza, akatia fremu begani, mimi nikabeba magurudumu yake, tukaondoka kimyakimya. Tulikuwa tumefika kwenye gari la kurudi aliposimama Mzee Masunga mlangoni kwake, kopo mkononi, akipaza sauti: "Wewe Mzigua, rudi. Kuna pete hujaichukua. Bila pete binti yako atashuka mtoni kama jiwe, nami nitakuja kula pilau la matanga nilale kitandani kwako." Soko zima lilicheka. Baba alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka.

Tuliijenga kwa wiki moja. Nilisugua kutu kwa mchanga na majivu hadi vidole vikawaka, uani kukanuka mafuta ya taa. Baba alinionyesha jinsi ekseli ya nyuma inavyokaa kwenye mfereji mrefu wa fremu, ili uweze kuvuta gurudumu nyuma mpaka mnyororo uwe umelegea kiasi cha nusu kidole tu. Sproketi aliikaza kwa patasi na nyundo, kisha akaipaka baiskeli yote rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka bati la nyumba. Tone moja lilichuruzika likakauka, mstari mwembamba kuanzia kitovu cha gurudumu mpaka kwenye sproketi.

Jumapili, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, Zaina alifanya mazoezi uani. Alikuwa amejifunza haraka. Lakini kila alipokaza miguu ili asimame, nilisikia ile tik. Alipoenda kunywa maji nilichuchumaa nikatazama, nikaona mstari wa rangi umekatika. Kipande cha kitovu kilikuwa hapa, cha sproketi kilikuwa pale, upana wa ukucha kati yao. Nilibaki nimechuchumaa. Neno pete lilinirudia, safari hii bila kicheko cha soko.

Nilimwambia baba. Alikuja, akakanyaga pedali mbele kwa nguvu, sproketi ikakaa imara. "Imekaza, mama," aliniambia, kama alivyozoea kutuita binti zake.

"Lakini Mzee Masunga alisema kuna pete."

"Huyo ni mtani, mwanangu. Mtani akikwambia utakufa, maana yake anakupenda."

Sasa elewa kosa lake, kwa sababu hakuwa mtu mzembe. Nyuzi za kitovu, ile mikato kama ya skrubu, zimekatwa hivi kwamba ukikanyaga mbele sproketi inajikaza yenyewe, na ukikaza miguu kurudi nyuma inajifungua. Baba alijaribu upande usio na hatari, kila mara akapata jibu zuri. Na neno ambalo lingemsaidia lilikuwa limefika kwake likiwa limevaa utani.

Jumatatu alfajiri Zaina aliondoka na sare yake mpya, viatu vimefungwa nyuma ya kiti visiingie vumbi. Nilishika ufagio nikafagia mahali pamoja mpaka udongo ukachimbika. Kisha nikautupa. Barabara inazunguka kilima kabla ya kushuka mtoni, na kuna njia ya mkato kupitia mashambani. Nilikimbia nikiwa peku, majani ya mahindi yakinichana mikono, nikihesabu kichwani mizunguko ya pedali zake. Mtoni palikuwa na daraja la mbao lisilo na kingo. Nilitokea katikati ya mteremko, na juu kabisa nikaiona baiskeli nyekundu inaanza kushuka.

"Dada, ruka. Usikaze miguu, ruka."

Alikuwa tayari amekaza. Nilisikia tik, kisha tiktiktik ya haraka, halafu mnyororo ukaanguka na pakawa kimya. Miguu yake ilizunguka nyuma bila kushika kitu. Niliuona uso wake alipojua. Baiskeli ilikuwa inaongeza mwendo, na mimi sikuwa na mkono wa kuisimamisha, nilikuwa na sauti tu.

"Shambani, Zaina. Ingia kwenye muhogo."

Alipinda usukani. Alipita hatua tatu kutoka nilipokuwa, akagonga tuta la kwanza lililolowa mvua, na baiskeli ikamrusha. Nilipomfikia alikuwa amelala kifudifudi, na kwa muda ambao sitaki kuupima nilifikiria pilau la matanga. Kisha akageuza kichwa, udongo mdomoni, mkono wa kushoto umepinda vibaya. Akasema, "Nitachelewa namba shuleni."

Mkono ulifungwa hospitalini. Mama hakugombana na baba. Aliiegemeza baiskeli nyuma ya choo, akasema habari ya shule imekwisha. Siku ya tatu Mzee Masunga akaja, habari zikiwa zimemfikia Korogwe, na alivua kofia mlangoni, akasema, "Habari za hapa," basi. Hakumtania mtu. Hilo lilimtisha baba kuliko matusi.

"Nilikwambia pete," alisema.

"Uliniambia na pilau."

"Ni kweli. Pilau ni kosa langu. Kukimbia ni kosa lako."

Alifungua kopo, akatoa pete ya chuma yenye nyuzi, aliyoitoa kwenye ekseli ya pedali ya baiskeli nyingine, akaikaza juu ya sproketi ili isipate njia ya kurudi. Akafunga na breki ya mbele. Kisha mzee yule wa miaka sitini akamwita mama, wakaenda mtoni, akaushuka mteremko mara tatu mbele yake, kila mara akisimama hatua chache kabla ya daraja. Mama alitazama amefumbata kanga. Baada ya mara ya tatu akasema, "Mkono ukipona, aende."

Alienda, miaka minne, kwa baiskeli ileile. Siku hizi Zaina anafundisha Handeni, na mkono wake wa kushoto haunyooki sawasawa. Wanafunzi wengi hupanda bodaboda, na vijana huja karakanani kwangu na simu zenye picha, wakitaka baiskeli za namna hii kwa ajili ya mtindo tu, bila breki. Wananitania, nami nawatania. Ila tukifika kwenye pete naweka spana chini na kuzima redio, kwa sababu zamani tulikuwa na mtu mmoja wa kutuonya na tukamcheka, na leo wanaochekesha ni wengi kuliko wanaoonya.

Kwa hiyo ukijenga yako, funga pete na breki ya mbele. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye kitovu mpaka kwenye sproketi, uache ukauke. Egemeza gurudumu la nyuma ukutani, panda, kandamiza pedali kurudi nyuma kwa uzito wako wote, mara kumi. Shuka utazame mstari. Ukiwa umekatika, hata kwa unene wa uzi, usiipande.