Sanduku Lililorudi Nyumbani

Mume wangu alifariki asubuhi, kwa homa, katika hospitali moja hapa Bunia, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshaambiwa na kila mtu kwamba nilie. Wanawake wa kwao walinikodolea macho kama watu wanaongoja maji yachemke. Sikuwa na kitu cha kuwapa. Nilichoona ni kwamba mtu ameunguza wali jikoni na hakuna anayethubutu kusema.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Yeye alizaliwa upande wa Mahagi, mtoto wa Wakatoliki, akaja kwetu ujanani kutafuta kazi, akasilimu, akanioa, akanileta Bunia alikofungua mahali pa kutengeneza pikipiki. Hapa ndugu zangu ni watu wa msikitini. Hatufanani: wapo waliotoka Maniema, wapo Wanubi waliovuka mpaka kutoka Arua, wapo wauza vitambaa wa Mali ambao Kiswahili chao kinataka subira. Mtaani wote tunaitwa wageni, hata wale ambao babu zao wamezikwa hapa. Mimi sikuwa na kaburi hata moja katika mji huu. Siku ile nilitaka jambo moja tu: azikwe hapa, Kiislamu, mahali ninapoweza kufika kwa miguu. Wangempeleka Mahagi, mimi ningebaki Bunia kwa nani?

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kumuuguza, alitaka kumrudisha nyumbani. Shemeji yangu alishapata gari. Imamu alipofika hakwenda kwa wanaume. Aliketi chini mbele ya yule mama, na kwa hilo nilimshukuru.

"Mama, siye tutamuosha, tutamuswalia, tutamuzika leo," alisema. "Kwetu maiti hailalake mu nyumba."

"Na sanduku?"

"Tuko na jeneza ya musikiti. Inabeba mutu, kisha inarudi."

Mama mkwe alikataa. "Mutoto yangu hatabebwa na kitu ya kuazima sawa mutu hana famii, hana ndugu. Kama munataka kumuzika hapa, muzike. Lakini sanduku nitanunua miye."

"Ni sawa, mama. Tutamubeba ndani yake mpaka ku kaburi."

Wakaridhika wote wawili. Mambo yakaisha haraka mno, nadhani, kwa kuwa kila mmoja alisikia kile alichokuwa nacho kichwani. Mimi nilikuwepo, nilisikia kila neno, na hakuna hata moja lililoniingia.

Likaja sanduku la mbao za libuyu, mti mgumu wa msituni, kutoka Mambasa, limepigwa vanishi, lina vishikio vya kung'aa na kitambaa cheupe ndani. Majirani walilisifu. Wanaume wakambeba ndani yake hadi msikitini, kisha makaburini. Kwetu wanawake hubaki nyumbani. Mama mkwe alikubali hilo kwa shida, akaketi mkekani karibu nami, rozari mkononi.

Sasa, kila mtu wa msikitini anajua kwamba jeneza likimaliza kazi hurudi kwa mwenyewe. Wabebaji walijua lile si la msikiti. Walikuwa watu wenye adabu. Wakaingia nalo uani, jioni, likiwa begani, wakaliweka taratibu mbele ya mama aliyelinunua, wakampa pole.

Wanawake wa kwao wakasogea nyuma hadi ukutani. Mama mkwe aliinuka, akafunua kifuniko, akapapasa kitambaa cha ndani kutoka juu hadi chini.

"Mutoto yangu iko wapi?" aliniuliza mimi, si wale wanaume.

Nikamweleza. Kwamba amelazwa ubavu wa kulia, anaelekea kibla, shavu limegusa udongo, na juu yake zimewekwa mbao ili mchanga usimwangukie.

"Bila sanduku?"

"Bila sanduku, mama."

"Mulinidanganya," alisema. Asubuhi yake alikunja vitenge vyake akarudi Mahagi. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilijua kwamba ninapoteza mtu wa mwisho mwenye damu ya mume wangu aliyewahi kuniita mtoto, na kujua huko hakukuniuma. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya.

Sanduku lilikaa nyuma ya nyumba, kuku wakaanza kulipanda. Mchwa walipomaliza jeneza la zamani la msikiti, imamu alikuja kuliomba. Nikampigia simu mama mkwe, kwa maana mali ilikuwa yake. "Mulichukue," alisema, akakata.

Tangu hapo limembeba muuza vitambaa mmoja wa Mali ambaye tulimwandikia ndugu zake bila kujua kama ujumbe ulifika. Limembeba mwanamke wa Kinubi niliyemwosha kwa mikono yangu. Kila mara linarudi, linafutwa, linawekwa kwenye chumba kilicho kando ya mahali pa kutawadhia.

Mwaka huu mama mkwe alikuja bila kutoa habari. Nilimpeleka kaburini. Alisimama, akasali kwa namna yao. Tuliporudi alitaka kuona sanduku. Imamu akatufungulia chumba, akatuacha. Vanishi ilikuwa imelika pale mabega yanapogusa. Mama mkwe akapita mkono juu ya mbao.

"Inabebaka nani?"

"Watu yetu yote, mama. Zaidi wale hawana famii hapa."

"Na weye? Siku yako?"

"Na miye pia."

Akanipima kwa macho, kichwa hadi miguu, bila haraka, kama fundi wa nguo.

"Utaenea," alisema. "Niliambiaka fundi afanye kubwa."