Wahida Katika Njia ya Riyadh

Wahida alikuwa mwalimu wa chekechea, mzaliwa wa Ruwais, Jeddah, mtoto wa watu waliotoka Unguja. Desemba moja dada yake Muna alilazwa Riyadh, na madaktari walishakata tamaa. Mvua kubwa ilikuwa imetabiriwa, basi Wahida akalitayarisha gari lake dogo: mablanketi mawili, madumu ya maji, tende, tochi, kamba ya kuvutia gari na sepetu ya kuondolea mchanga.

"Huku si Ulaya, bibi," jirani yake Salem alimtania.

"Nikinasa nitakaa hata siku mbili bila ya kumsumbua mtu," alimjibu.

Alinasa kweli. Alipoupita mji wa Taif njiani, maji ya bondeni yalifunika barabara, na magari yakasimama mbele na nyuma yake. Upepo ulikuwa wa baridi kali. Alijifunika blanketi, na la pili akampa mama wa gari la pembeni yake aliyekuwa na mtoto mchanga. Saa nane mchana Muna alipiga simu.

"Umefika wapi, mdogo wangu?"

"Nakuja, dada."

"Fanya haraka. Sitaki kuondoka sijakuona."

Wahida alishuka, akautazama mkondo ukisomba mawe, akarudi ndani. Kila alichopakia kilikuwa cha kusubiria. Hakuna ambacho kingemvusha.

Njia ilifunguliwa siku ya pili. Alipofika Riyadh, Muna alikuwa ameshazikwa asubuhi ile. Mpwa wake alimpeleka kaburini. Wahida hakulia. Alisema amechoka, akaomba mahali pa kulala.