Mama Ushindi Aenda Mbarara Kula

Watu wa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, huenda mjini Mbarara kwa sababu zinazojulikana: hospitali, karatasi za ofisini, mazishi, bidhaa za duka. Nimewaendesha wote hao katika gari langu kuukuu la Corona. Lakini mwaka 2009, mahindi yalipokwisha kuvunwa, nilipigiwa simu na Mama Ushindi, anayekaa ng'ambo ya ziwa, upande wa Rugaaga.

"Musoni, kesho asubuhi utungoje pale bato zinafikia. Ni mimi na muzee. Tunaenda Mbarara, tutalala kule siku moja."

"Pole, Mama. Nani anagonjwa?"

"Hakuna mugonjwa. Tunaenda kula."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto jina la mji.

Jina lake ni Constance. Alizaliwa Baraka, kando ya ziwa Tanganyika. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na kila mwaka watu walipouza pamba na kulipia nguo zao, aliwapandisha watoto mashua hadi Uvira, kwa mama mmoja aliyejua kukaanga mikeke, samaki wa ziwa lile. Walikula, wakalala, wakarudi. Vita vya 1996 vilimkuta Constance akiwa na mume, Bienvenu, na watoto watatu. Walipita Burundi, wakapita Tanzania, hatimaye wakafika Nakivale.

Majirani wanamjua kwa jambo moja. Mahindi ya mgao yaleyale tuliyopewa sote, yeye aliyakaanga kidogo kabla ya kuyasaga, na harufu yake iliwatoa watu nyumbani. Alipanda mboga ya lengalenga na pilipili kando ya mlango kabla nyumba haijawa na mlango.

Basi habari ya safari ilienea. Semahoro, mzee wa kanisa lao, alimsimamisha Bienvenu njiani. "Ndugu, nyumbani hakuna chakula?" Bienvenu ni mtu mpole, hapendi kusemwa. Alirudi kwa mkewe akiwa amenuna.

"Umwambie chakula kiko," Constance alijibu. "Ile ya kwangu naijua. Nataka nijue ya bengine."

Asubuhi nikawapokea ukingoni. Bienvenu alikuwa amevaa koti la siku ya harusi yao, suruali imelowa hadi magotini. Mkewe alishuka akiwa na viatu mkononi na kitenge kipya. Niliangalia mizigo yao. Hawakuwa wamebeba hata kiazi kimoja cha njiani.

Kwenye kizuizi cha polisi, afande aliinama dirishani. "Wewe mama, nakwenda Mbarara kufanya nini?"

"Kula, afande."

"Kula nini?"

"Sijajua. Wewe unakulaka fasi gani?"

Afande alicheka mpaka mwenzake akaja kuuliza kuna nini. Kisha akakunja uso, akafikiri kweli. "Kakoba," alisema. "Nyuma ya watu ya mbao, kuna mama naitwa Kyomugisha. Omba eshabwe. Sema mimi nakutuma."

Tulianza na katogo, matoke yaliyopikwa pamoja na utumbo, kwenye banda moja la soko. Bienvenu alikula ameinamisha kichwa.

"Inua kichwa," mkewe alimwambia. "Hatukuiba."

Baada ya hapo tukatembea. Constance alisimama kwa kijana wa chapati akatazama mikono yake ikivunja mayai na kuyaviringisha ndani ya chapati, ndipo akaagiza. Tulikula gonja, yaani ndizi tamu za kuchoma. Tulikunywa maziwa ya mgando yaliyokuwa baridi hata meno yakauma. Nilipotaka kubaki garini alinivuta mkono: "Dereva naye ana tumbo." Sijawahi kumwona mtu akila kwa utulivu ule. Hakuwa na uroho. Alikaa na kila tonge kidogo, kama mtu anayesikiliza mgeni akieleza habari zake.

Kwa Kyomugisha tulifika mchana, watu wa mbao wakiwa wamejaa. Tukaletewa karo, yaani ugali wa ulezi, na bakuli la eshabwe, mchuzi mweupe mzito unaoliwa bila kupashwa moto. Constance alichovya tonge. Akachovya tena.

"Ni samli," alisema. "Na chombo chake kilifukizwa moshi wa majani."

Kyomugisha, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, alitoka jikoni. "Nani nakuambia?"

"Ulimi, dada."

Kyomugisha akavuta kiti, wakazungumza. Mmoja alieleza jinsi samli inavyopigwa kwa maji baridi na chumvi ya mawe, mwingine akaeleza jinsi sombe inavyotwangwa. Kyomugisha alishangaa kwamba watu hula majani ya muhogo. Kwao hayo huachiwa mbuzi. Lakini alisikiliza, na mwishowe akasema, "Mama, baki hapa. Mimi natafuta mpishi."

Bienvenu alimtazama mkewe. Nami nilimtazama. Kazi mjini si kitu cha kukataa ovyo.

"Aksanti sana," Constance alisema. "Kupika nimepika tangu niko mutoto. Leo ni siku yangu ya kupikiwa. Uniongezee kidogo."

Bienvenu akasukuma bakuli lake pia. "Na mimi," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu avuke ziwa, akacheka.

Walilala kwenye lojing'i ndogo, kesho yake wakala mbuzi wa kuchoma, tukarudi. Tulipofika ukingoni upepo ulikuwa umekaza, ziwa limechafuka, na wenye mashua walikataa kuondoka. Nikawapeleka nyumbani kwangu, Kashojwa.

Mke wangu, Yudita, alinivuta nyuma ya nyumba. "Batu batoka kula Mbarara! Mimi nitaweka nini mbele yao?" Alikuwa na maharagwe na ugali wa muhogo, basi. Aliandaa bila kumtazama mtu usoni.

Constance alionja, akasimamisha mkono. "Yudita, hii maharagwe uliiweka nini?"

"Unisamehe, Mama. Mafuta iliisha."

"Sikulaumu. Kuna kitu humu ndani."

Yudita akasema kwa sauti ya chini kwamba hukichoma kitunguu kwenye makaa mpaka kiwe cheusi, akakimenya, akakiponda na kukitia mwishoni. Bibi yake alifanya hivyo. Mimi nilikuwa nimekula maharagwe hayo tangu tuoane, na ndiyo kwanza nasikia.

"Eshabwe ni ya kwanza," Constance alitangaza. "Hii ni ya pili. Mbuzi ya leo ni ya tatu." Bienvenu akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa. Constance alikuwa anasema kweli, na Yudita alijua. Mgeni anayesifu kwa adabu tu angempa nafasi ya kwanza.

Asubuhi upepo ulitulia wakavuka. Waliendelea kwenda kila mwaka baada ya mavuno, hadi miguu ya Bienvenu ilipoanza kumsumbua. Mwaka 2012 Madeleine, mke wa Semahoro, alipanda nao mashua, na mzee wa kanisa hakusema neno. Krismasi Constance hununua samli kwa wafugaji wa Rugaaga, akawapigia majirani eshabwe.

Nami mwezi uleule wa safari yao ya kwanza nilimpeleka Yudita Mbarara, bila abiria mwingine. Tuliingia hoteli moja karibu na kituo cha magari. Alikaa mgongo ukutani, akaagiza samaki mwenyewe. Alionja kipande, akaweka mkono mezani, akamwita mhudumu mbele ya watu wote.

"Munyu imezidi," alisema, kwa maana chumvi ilikuwa nyingi. "Muniletee ingine."

Wakamletea mwingine.