Mtutu wa Hobert

Delmer Ratliff alikuwa na maoni machache maishani, na karibu yote yalihusu bunduki. Kubwa kuliko yote lilikuwa hili: bunduki ya ishirini na mbili, ile ya risasi ndogo ya kuwindia kindi, haihitaji mtutu mzito. Alilisema hilo kwa miaka ishirini na sita katika karakana yake pale Sandlick, kwenye milima ya Kentucky, huku mashine ya kukerezea chuma ikiunguruma mbele yake. Na kwa miaka hiyo yote mtu mmoja tu alimpinga bila kuchoka. Huyo alikuwa Hobert Mullins, mume wa dada yake.

"Shemeji, risasi yenyewe haizidi harage moja," Delmer alikuwa akisema. "Itautia mtutu joto gani? Piga kutwa nzima, utaushika kwa mkono mtupu. Wewe tafuta risasi nzuri, jaribu boksi hadi boksi, uache kubeba reli ya treni begani."

"Mtutu mwembamba unatetemeka kama bwana harusi," Hobert alijibu. "Wangu ukitulia, umetulia. Paja la nguruwe la mwaka jana nani alilila?"

"Ulilila wewe."

"Basi nyamaza, utengeneze bunduki za watu."

Paja lenyewe lilikuwa zawadi ya mashindano ya Septemba, Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, nyuma ya kituo cha zimamoto. Mtu alisimama wima bila kuegemea kitu, akapiga risasi kumi kwenye karatasi iliyokuwa yadi hamsini mbele yake. Hobert alilichukua mara tisa, kwa bunduki ya ratili kumi na nne. Ukweli, na Delmer aliujua ila hakutaka kuutoa bure, ni kwamba uzito ule ulimfaa Hobert, haukuifaa risasi. Mtu mwenye mabega ya mchimba makaa akishika kitu kizito, mikono yake haichezi. Lakini kukiri hivyo kungekuwa nusu ya kushindwa, na Delmer hakuwa mtu wa kugawa nusu.

Walianza pamoja kwenye mgodi wa makaa ya mawe wakiwa vijana. Kabla ya kupita chini ya dari yoyote, Hobert aliigonga kwa fimbo ya chuma na kusikiliza. Wachimbaji wote hugonga, ila yeye alisikia ambayo wengine hawakuyasikia. Dari iliyo nzima hulia mlio mkali. Dari iliyoachana na jabali hulia kama debe tupu, na chini ya hiyo hukai. Siku moja mwaka 1961 aligonga, akagonga tena, akamkamata Delmer kwa ukosi wa shati na kumburuta nje hatua nane. Dari ikashuka juu ya kopo la chakula la Delmer na juu ya mahali alipokuwa amekaa.

Delmer hakurudi tena chini ya ardhi. Alinunua mashine kuukuu akajifunza kukereza mitutu. Hobert aliendelea miaka ishirini na mitano zaidi, akatoka na mapafu yaliyojaa vumbi jeusi na mtungi wa oksijeni wa kukokota. Tabia ya kugonga alitoka nayo pia. Kwa pete yake ya ndoa aligonga matikiti maji, milango, gogo kabla ya kulipasua.

Septemba ya 1986 alisimama mbele ya watu nyuma ya kituo cha zimamoto, akainua bunduki, akaishusha. Akainua mara ya pili, akashusha. Mara ya tatu mtutu ulichora duara hewani, na yeye akailaza juu ya meza, akaondoka kwenda kwenye gari lake. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Julai iliyofuata Verlie, dada yake Delmer, alikuja karakana; kijana wa jirani alimbebea kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka, akakilaza mezani na kuondoka.

"Kaka, nina ombi, na usinikatalie kabla sijamaliza."

"Hiyo ni bunduki ya Hobert."

"Nimesema sijamaliza." Alifungua shuka, akahema. "Daktari hasemi wazi, lakini mimi namfulia mashati, naona anachokohoa. Septemba hii ndiyo ya mwisho. Anataka kupiga. Ya kuazima haitaki, na hii hawezi kuinua. Iwe nyepesi, kaka. Na asijue."

"Asijue! Mtu ameshika bunduki hii nusu ya umri wake!"

"Hajaigusa tangu mwaka jana. Kuna dawa mpya. Nitamwambia dawa inampa nguvu."

"Verlie, huyu ndiye aliyemrudishia mchungaji sufuria ya supu ikiwa bado ya moto. Akigundua tumemwonea huruma, ataitupa mtoni na mimi hataniita shemeji tena hadi afe."

"Najua," dada yake alisema. "Lakini mwaka jana alipofika nyumbani alikaa kwenye gari saa nzima. Mimi sitaki hicho kiwe ndicho kitu cha mwisho."

Delmer aliivuta bunduki upande wake wa meza. Hobert alimtoa chini ya dari. Yeye alikuwa hajawahi kumtoa popote.

Kazi ilichukua wiki tatu. Aliufungua mtutu wa zamani, akaupaka mafuta na kuuviringisha kwenye blanketi. Mahali pake aliweka mtutu mwembamba kama kidole gumba, akauvika bomba la alumini lenye unene na urefu uleule wa mwanzo. Alumini haikubali dawa ya kukitia chuma weusi, kwa hiyo aliipaka rangi, akaisugua, akaipaka tena mpaka ikafanana. Alichimba mbao za kitako kwa ndani. Karibu na mdomo wa mtutu alificha kipande cha madini mazito ya risasi yaliyoyeyushwa, ili bunduki ilale kwenye kiganja cha Hobert palepale ilipozoea kulala. Alipoipima, ilikuwa ratili nane.

Kisha aliiegemeza juu ya mfuko wa mchanga nyuma ya nyumba, akapiga risasi tano. Zote zilipita kwenye tundu moja ambalo kifungo cha shati kingeliziba. Akaurudisha mtutu mzito kwa saa moja tu, makusudi, akapiga tano nyingine kutoka boksi lilelile. Tundu likawa lilelile. Ubishi wa miaka ishirini na sita ulikuwa umekwisha na yeye ndiye mshindi, na hakuna aliyekuwepo ila kuku wa jirani. Alingojea furaha. Haikuja. Alizichoma karatasi zote mbili jikoni, akafunga tena mtutu wa bandia.

Siku ya mashindano Hobert alikuja amenyoa ndevu, shati lake jeupe likipwaya. Verlie alikokota mtungi. Zamu yake ilipofika alivua mpira wa oksijeni puani, akaishika bunduki, na nyusi zikampanda.

"Loo! Hii dawa," alisema, "inafanya kazi kuliko daktari aliyeiandika."

Watu wakacheka kwa faraja. Delmer, aliyekuwa amekwisha kupiga na kupata alama zake za kawaida za aibu, alianza kuvuta pumzi vizuri.

Ndipo Hobert alipoigonga.

Alifanya alivyofanya kila mwaka. Aligonga mtutu mara tatu kwa pete, kichwa amekiinamisha, sikio karibu. Delmer alikuwa amefikiria rangi, uzito, kiganja, hata harufu ya mafuta. Hilo la kugonga alilisahau, yeye ambaye alikuwa hai kwa sababu yake. Mlio ulitoka mfupi, mkavu, wa bati.

Hobert alisogeza pete mbele. Akagonga tena, karibu na mdomo. Kisha akainua macho, akawatazama watu mmoja mmoja mpaka akamfikia Delmer, akasimama hapo.

Delmer hakuweza kutazama pembeni. Alijua kinachokuja. Bunduki italazwa mezani mara ya pili, na safari hii aliyeiweka pale ni yeye. Alitaka kupaza sauti, aseme nisamehe, aseme ni Verlie, aseme lolote.

Hobert aligeuka akatazama karatasi yake kule mbali, akaiinua bunduki.

Alipiga risasi kumi. Baina ya moja na nyingine aliishusha, akapumua mpaka mabega yakatulia, na mwamuzi, Mungu ambariki, alijifanya saa yake imesimama. Mtutu haukuchora duara. Bibi wa posta alimpita kwa alama moja akachukua paja, na Hobert akapewa zawadi ya pili, ubavu wa nguruwe uliokaushwa. Aliinua ubavu ule juu kwa mikono miwili.

"Shemeji!" aliita. "Wewe na mtutu wako wa sindano umekuwa wa ngapi?"

"Wa saba."

"Sema basi mbele za watu. Mtutu upi unapiga?"

Delmer alisogea mpaka mbele. "Mtutu mzito," alisema. "Mtutu mzito ndio unaopiga, shemeji. Nilikosea."

Walishangilia kana kwamba amechaguliwa gavana.

Novemba Hobert hakutoka tena kitandani. Delmer alikuja kila mchana akakaa kando yake. Siku moja Verlie alipokwenda kugeuza mkate wa mahindi, Hobert alifumbua macho.

"Dari yako ilikuwa tupu, shemeji."

"Nilikuona umesikia."

"Nani asingesikia." Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Nilitaka kuitupa. Nikasema, huyu kenge amekaa wiki ngapi kwenye mashine akitengeneza uongo huu? Kwa ajili yangu. Na mimi nilikuwa nataka kupiga."

Delmer alilia, na hakuficha. Hobert alimwacha alie.

"Mtutu wangu uko wapi?"

"Uko karakana. Kwenye blanketi."

"Nikiondoka uurudishe. Na huo mdomo uufunge. Nimekushinda mbele za watu. Usije ukanishinda nikiwa nimelala chini."

Wote wawili walicheka, mpaka Hobert akashindwa kupumua na Verlie akaja mbio kuwafokea.

Walimzika wiki ya pili ya Desemba. Siku ya tatu Delmer aliufungua mtutu wa bandia, akaurudisha ule wa kweli, akarudisha mbao na uzito wote. Aliipeleka bunduki kwa dada yake, maana Hobert alitaka itundikwe juu ya mlango wa jikoni. Verlie alinyoosha mikono kuipokea, na mikono ikashuka nayo mpaka magotini.

"Ni nzito hivi?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Miaka yote ile alikuwa anabeba hii?" Alikaa chini sakafuni akiwa ameipakata, na ndipo alipomlilia mumewe, maana makaburini hakuwa amelia.

Masika yalipofika, mwalimu mmoja wa kike aliyehamia kutoka Ohio alikuja karakana. Alitaka kutengenezewa bunduki ya ishirini na mbili, na alikuwa amesoma sana. Aliuliza kama kweli bunduki ya risasi ndogo hivyo inafaidika na mtutu mzito, au ni maneno tu ya watu.

Delmer alizima mashine. Hakuwahi kumdanganya mteja juu ya bunduki, hata mmoja, na mitutu yake yote ukutani ilikuwa myembamba. Mtutu wa bandia ulikuwa chini ya meza, kwenye blanketi lilelile.

"Inafaidika," alisema. "Shemeji yangu alinithibitishia. Muulize mtu yeyote hapa Sandlick."